Kipimo Kwanza, Uzinduzi Baadaye

Tangu mwaka 2022, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipotangaza mpango wa Silicon Zanzibar pamoja na kampuni ya Wasoko na kuichagua Fumba iwe makao ya kampuni changa za teknolojia, lugha ya kampuni hizo haikubakia Fumba. Imeingia maofisini. Mwaka 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, kilifungua tawi lake Bweleo, na hamasa ikaongezeka. Siku hizi ni nadra kukaa katika semina ya taasisi ya umma, iwe mjini Unguja au Chake Chake, usisikie mtu akihimiza kwamba serikali nayo ifanye kazi kama kampuni changa: ijaribu, ikosee mapema, ijirekebishe. Wazo hilo nalipenda na nalitakia mema. Lakini naona tumelishika upande usio wake. Tunaiga kasi, programu za simu na mashindano ya mawazo, tunaacha kiini chake, ambacho ni kuuliza swali dogo kwa gharama ndogo, kukubali tangu mwanzo kwamba jibu linaweza kuwa "hapana", na kumpa mtu mamlaka ya kusimamisha kazi jibu hilo linapokuja. Zanzibar haikupungukiwa na majaribio, wala na watu wanaojua kujaribu. Imepungukiwa na ofisi zinazoruhusiwa kuacha jambo lililokwisha kuanzishwa. Na ufundi wa kuacha hatuna haja ya kuufuata California, maana umewahi kutumika Makunduchi, Wawi na katika shehia 90 za visiwa hivi.

Tuanze na kampuni zenyewe. Kampuni changa haina fedha wala muda wa kujenga kitu kikubwa na kungoja miaka mitano ione kama kuna wa kukinunua. Hutoa toleo dogo, ikawapa wateja wachache, ikaangalia wanachokifanya kuliko wanachokisema, halafu ikaamua kuendelea, kubadili njia au kuacha. Watu husifu ujasiri wake, lakini nidhamu hiyo imezaliwa na umaskini: fedha zikiisha, mlango unafungwa. Shirika kubwa halina msukumo huo. Mradi mbovu wa shirika kubwa huweza kulishwa na bajeti mwaka baada ya mwaka, na kila anayeusimamia akapandishwa cheo kabla ubovu haujaonekana. Ndiyo maana kuhamisha mbinu za kampuni changa kwenda kwenye shirika kubwa ni kazi ngumu kuliko inavyosemwa semina. General Electric ya Marekani ilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya mwanzo kulichukua somo hili kwa uzito. Mwanzoni mwa muongo uliopita ilianzisha programu iitwayo FastWorks, ikafundisha maelfu ya watumishi wake kujaribu bidhaa kwa matoleo madogo, na baadhi ya bidhaa, mafriji yakiwemo, zilifika sokoni kwa haraka zaidi. Lakini mwaka 2015 shirika hilohilo lilinunua biashara ya mitambo ya umeme ya Alstom ya Ufaransa kwa takriban dola bilioni 10, na mwaka 2018 likalazimika kufuta kwenye vitabu vyake thamani ya zaidi ya dola bilioni 20 katika kitengo cha umeme. Mwezi Juni mwaka huo likaondolewa kwenye Dow Jones, orodha ya kampuni kubwa za soko la hisa la Marekani, ambamo lilikuwemo mfululizo kwa zaidi ya karne moja. Sisemi FastWorks ndiyo iliyoliangusha. Nasema kipimo kiliachiwa mafriji, na maamuzi mazito yakaendelea kupita kwa kauli ya wakubwa. Hilo ndilo linalonitia hofu hapa kwetu: tusije tukawapa vijana chumba chenye meza za rangi na intaneti ya kasi wajaribu mambo madogo, huku kodi, bima ya afya, maji na mitaala ikiamuliwa kwa nchi nzima kwa siku moja.

Sasa tuangalie tulichonacho. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi ilikuwa na matende na mabusha kwa kiwango ambacho karibu nusu ya watu waliopimwa walikutwa na vijidudu vyake kwenye damu. Wataalamu wa hapa na wenzao kutoka London hawakuanza na Unguja nzima. Wakazi wa Makunduchi walipewa dawa, na juu ya maji ya vyoo vya shimo vya mji huo zikamwagwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, zile nyeupe ambazo tunaziona ndani ya maboksi ya vyombo vya umeme, ili mbu wakose pa kutagia. Katika mji mwingine, Moga, watu walipewa dawa peke yake. Baada ya miaka michache, Makunduchi walikuwa wamebakia wachache sana wenye vijidudu, na Moga vilianza kupanda tena. Bila ya Moga, kila mtu angeapa kwamba dawa ilitosha, na punje zile zingesahauliwa kama kituko cha wageni. Mji wa pili, ambao haukupata kila kitu, ndio uliotufundisha.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye jambo hilo likarudiwa kwa ukubwa ambao nchi nyingi tajiri hazijathubutu. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2017, Wizara ya Afya na washirika wake walifanya kazi ya kuondosha kichocho katika shehia 90, 45 Unguja na 45 Pemba. Shehia ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa dawa ya praziquantel mara mbili kwa mwaka. La pili lilipewa dawa hiyo, na konokono wanaobeba ugonjwa wakauliwa kwenye mito na mabwawa. La tatu lilipewa dawa pamoja na elimu ya kubadili tabia, skuli na mitaani. Matokeo yalipotoka, kichocho kilikuwa kimeshuka sana katika makundi yote matatu, na tofauti ya wazi baina yao haikuonekana. Naomba msomaji atulie kidogo hapa, kwa sababu katika matokeo haya ndimo ilimo hoja yangu karibu yote. Fikiria kama mgawanyo ule usingekuwapo. Waliosimamia konokono wangeandika ripoti ya mafanikio, na wangekuwa wakweli, maana kichocho kwenye shehia zao kilishuka. Waliosimamia elimu nao wangeandika ya kwao, na wangekuwa wakweli vilevile. Kila mmoja angeomba bajeti iongezwe, na wizara isingekuwa na njia ya kujua kwamba dawa ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo. Ripoti mbili za kweli zingezaa uamuzi mmoja mbaya. Kilichozuia ni mpangilio uliowekwa kabla ya kazi kuanza. Na kazi iliyofuata kaskazini mwa Pemba ilijengwa juu ya matokeo hayo: nguvu ikaelekezwa shehia kwa shehia, kulingana na ugonjwa uliobakia pale.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Pemba, na ni wa huzuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ushauri wa kimataifa ulikuwa kwamba katika nchi zenye upungufu mkubwa wa damu, watoto wote wadogo wapewe madini ya chuma. Ilionekana jambo lisilo na mjadala. Watafiti wakishirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, waliamua hata hivyo kulipima. Watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waligawanywa katika makundi, na bodi huru ikapewa kazi ya kuangalia takwimu mara kwa mara na uwezo wa kusema basi. Agosti 2003 bodi ilisema basi. Watoto waliokuwa wakipewa chuma na foliki, vitamini iliyotolewa pamoja nacho, walikuwa wakilazwa hospitali na kufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao, katika kisiwa ambacho malaria ilikuwa kali wakati ule. Makundi hayo yalisimamishwa, na baadaye Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Hapa pana mambo mawili mazito na yote mawili lazima yasemwe. La kwanza, kwamba kujaribu kwa watu kunaweza kudhuru, na anayesema serikali "ikosee haraka" bila ya kufikiria ni nani atakayeumia hajajua anachokisema. La pili, kwamba chuma hicho kingegawiwa kwa kila mtoto bila ya kundi la kulinganisha na bila ya bodi, madhara yangekuwa yaleyale au zaidi, na yasingejulikana. Watoto wangekufa, na takwimu zingesema ni malaria.

Afya haikuwa peke yake. Kisiwa Panza na Kizimkazi, wavuvi walikubaliana kufunga kipande cha miamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha wakafungua na kuangalia uzito wa wanaotoka. Wakaanza na kipande, bahari iliyobakia ikiwa wazi kwa riziki ya kila siku, na vijiji vingine vikaja kuona kwa macho kabla ya kuiga. Waliofanya hivyo hawakuhudhuria semina ya ubunifu. Walikuwa na swali, eneo dogo, muda maalumu na mizani.

Kwa nini basi nidhamu hiyo haivuki kutoka maabara ya Wawi na miamba ya Kizimkazi hadi kwenye ofisi ya kawaida ya serikali? Wengi husema watumishi wetu ni wavivu au waoga. Sikubaliani. Niliwahi kukaa katika kikao cha kupokea ripoti ya mradi wa majaribio wa taasisi moja, ripoti nzuri, yenye picha na jedwali, nikauliza: ni takwimu gani ambayo mngeiona mngesimamisha mradi? Hakuna aliyekuwa na jibu, na haikuwa uzembe. Hakuna aliyewahi kuwataka wawe nalo. Mfumo mzima umejengwa kwa ajili ya kutekeleza, haukujengwa kwa ajili ya kujifunza. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kwisha Juni 30, na ofisi iliyobakiwa na fedha huhesabiwa kuwa haikuzihitaji, mwaka unaofuata ikapewa ukomo mdogo wa bajeti. Mkaguzi anauliza kama fedha zimetumika kwa kifungu kilichoidhinishwa. Mkuu wa kitengo anayesimamisha kazi mwezi wa nne kwa sababu haifanyi kazi anajitafutia hoja ya ukaguzi, na mwenzake aliyetumia zote kwenye jambo lisilofaa anapata hati safi. Juu ya hayo tuna uzinduzi. Mradi wa majaribio huzinduliwa kwa utepe, ngoma na hotuba siku ya kwanza, mara nyingi katika shamrashamra za Januari tunapoadhimisha Mapinduzi. Jengo likimalizika ni haki lizinduliwe, maana limesimama na kila mtu analiona. Jaribio likizinduliwa siku ya kwanza, limekwisha tangazwa kuwa mafanikio mbele ya viongozi na kamera. Ni mtumishi gani, mwenye familia na mkopo wa benki, atakayesimama miezi sita baadaye akasema kwamba halikufaa? Kwa hiyo ofisini kwetu tunachokifanya mara nyingi ni kutekeleza uamuzi uliokwisha pitishwa kwa awamu, awamu ya kwanza ikaitwa majaribio. Hakuna kinachoweza kutokea katika awamu ya kwanza ambacho kitaizuia ya pili.

Wapo wanaopinga mwelekeo huu wote, na hoja zao hazilingani uzito. Nzito zaidi ni ya haki. Shehia yangu ikose huduma ili shehia ya jirani ipimwe, kwa nini? Katika visiwa ambavyo mizani baina ya Unguja na Pemba, na baina ya mji na shamba, huangaliwa kwa makini na kila mtu, swali hili halipaswi kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba fedha zetu hazitoshi kufika kila pahala mwaka wa kwanza, kwa hiyo wa kuanza na wa kusubiri watakuwepo tu. Kilichobakia ni namna ya kuwachagua. Mexico, ilipoanza mpango wake wa Progresa wa kuzisaidia familia maskini mwaka 1997, ilikuwa na vijiji 506 katika tathmini yake. Vijiji 320 vikaanza na 186 vikasubiri, kwa bahati nasibu. Tanzania Bara, TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilifanya jambo la namna hiyo katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kabla ya mpango wa kaya maskini kuenea nchi nzima na kufika hadi huku kwetu. Kura inayochezwa mbele ya masheha ina haki kuliko orodha inayotoka ofisini bila ya mtu kujua imepangwa vipi. Ila kura lazima iwe ya wazi, na anayesubiri aambiwe anasubiri hadi lini.

Hoja ya pili ni ya ridhaa. Watu wa Pemba wamepimwa mno, kwa miaka mingi, na wana kila sababu ya kuuliza wanapata nini. Utafiti wa afya hupita kwenye kamati ya maadili. Ofisa anayebadilisha namna ya kukusanya ushuru sokoni hapiti popote, na mchuuzi wa Darajani au wa Wete hajaulizwa. Nakubali hoja hii kama ilivyo. Serikali ikitaka kujaribu, lazima iwe na utaratibu wake wa kulinda wanaojaribiwa, na mambo mengine yasijaribiwe kabisa: huwezi kunyima kundi moja maji safi ili uone kitakachotokea.

Ya tatu ni ya kitaalamu, na wapenzi wa majaribio hawapendi kuitaja. Kenya walijaribu kuajiri walimu wa mkataba katika skuli za msingi. Sehemu moja ya skuli ilisimamiwa na shirika lisilo la kiserikali, sehemu nyingine na serikali yenyewe. Lilikosimamia shirika, wanafunzi walipanda alama. Ilikosimamia serikali, hapakuwa na faida iliyoonekana. Mpango ulikuwa uleule, aliyebadilika ni msimamizi. Hapa kwetu miradi mingi ya majaribio inaendeshwa na fedha za wafadhili, gari la mradi, posho ya mradi na mtaalamu wa mradi. Ikifanikiwa, tumejifunza kwamba mradi wenye gari na posho hufanikiwa. Mfadhili akiondoka, wizara hurithi mwongozo na gari bovu. Kwa hiyo jaribio liendeshwe na walewale watakaobakia nalo, kwa mshahara waliokuwa nao na vifaa walivyokuwa navyo, hata kama matokeo yatakuwa madogo. Mfano mwema ninaoujua ni wa wahudumu wa afya wa jamii: kazi iliyoanza na wakunga wa jadi wachache waliopewa simu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikabadilishwa mara kadhaa, ikakua kuwa Jamii ni Afya, mpango wa Wizara ya Afya wenye wahudumu zaidi ya 2,000 wanaopita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba. Ilichukua karibu muongo mzima. Waliokuwa na haraka wangeikatia tamaa mwaka wa tatu.

Wapo wanaosema kwamba visiwa vyetu ni vidogo, na kwa watu 1,889,773 wa sensa ya mwaka 2022 hakuna haja ya kupima, unaanza tu na kila mtu. Hawa nawajibu kwa utafiti uliofanywa Unguja katika vituo 24 vya afya, ambao ulitumia simu za mkononi kuwakumbusha na kuwaunganisha wajawazito na wakunga. Waliosaidiwa kwa simu, asilimia 60 walizalishwa na mtaalamu, na wasiosaidiwa asilimia 47. Ukisoma hapo tu utaagiza simu kwa nchi nzima. Lakini faida ilikuwa kwa wanawake wa mjini. Kwa wa shamba haikuonekana, maana ujumbe wa simu haumpatii mtu usafiri wa usiku. Kisiwa kimoja, kilomita chache baina ya mji na shamba, na majibu mawili.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba fedha za umma si za kuchezea, na serikali inayojaribu ni serikali inayotapanya. Historia inasema kinyume. Mwaka 1947 Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, kwa matumaini ya kulima zaidi ya eka milioni tatu. Tume iliyopendekeza ilizunguka kwa wiki tisa tu. Hawakungoja misimu michache katika shamba dogo waone mvua ya Kongwa inanyesha vipi na udongo wake unakauka vipi jua likiwaka. Waliagiza matrekta. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na hasara ikahesabiwa kuwa paundi milioni 36, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na Waingereza wale walitia mguu wote. Wala haya si ya kikoloni peke yake. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti yake ya bima ya afya, HealthCare.gov, kwa siku moja kwa majimbo mengi kwa pamoja, na kumbukumbu za ndani zilionyesha kwamba watu sita tu ndio waliofanikiwa kujiandikisha siku ya kwanza. Nchi ya Silicon Valley, yenye wahandisi bora duniani, ilianguka kwa sababu ilifungua mlango mzima kabla ya kufungua dirisha. Fedha za umma huteketea zaidi kwenye jambo kubwa ambalo halikupimwa, na kwa kuwa ni kubwa, hakuna anayethubutu kuliacha.

Nitoe mfano wa jambo lililo mbele yetu sasa. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, unaosimamia bima ya afya, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Kwa mtumishi wa umma mambo ni mepesi: mchango unakatwa kwenye mshahara. Ugumu uko kwa asiye na mshahara. Mama wa mwani wa Paje au Bweleo anafuata bamvua, na fedha yake inakuja kwa mafungu madogo. Mvuvi wa dago anaweza kuwa mbali na shehia yake miezi mizima. Mkulima wa karafuu wa Pemba anapata fedha nyingi kwa miezi michache, na mwaka mwingine karafuu hazikuzaa. Kuwatungia wote utaratibu mmoja wa mchango wa kila mwezi na kuutangaza kwa visiwa vyote kwa siku moja kutakuwa kosa, hata kama mfumo wake wa malipo utakuwa wa kisasa namna gani.

Kabla ya hapo kuna swali la bei nafuu linaloweza kuulizwa Pemba peke yake. Karafuu zote kisheria hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, katika vituo vyake. Je, mkulima akiulizwa pale kituoni, siku anayolipwa, kama anataka mchango wa nyumba yake wa mwaka mzima ukatwe, atakubali kwa wingi kuliko akifuatwa na sheha kila mwezi, au akiachiwa alipe kidogokidogo kwa simu? Mimi nadhani atakubali, lakini kudhani kwangu hakuna thamani. Inawezekana kabisa nikawa sioni kitu. Anayefika kituoni na gunia si lazima awe mwenye nyumba ninayemfikiria: wapo wanaokodi mikarafuu kwa msimu mzima, na wapo wachumaji wanaolipwa kwa pishi, ambao hawafiki kituoni kamwe na huenda ndio wanaohitaji bima zaidi. Ofisi ya mjini Unguja haiwezi kulimaliza hilo kwa kikao. Shehia kadhaa za Wete na Micheweni zikigawiwa njia hizo tatu kwa kura ya hadharani, kwa hiari ya kila nyumba, msimu mmoja utatosha kuonyesha mengi.

Nani aisimamie? Pemba kila wizara ina Ofisa Mdhamini wake, na nafasi hiyo mara nyingi imekuwa ya kupokea maelekezo kutoka Unguja na kupeleka ripoti. Ningependa iwe zaidi ya hapo. Ofisa Mdhamini anajua barabara gani haipitiki masika na sheha gani anasikilizwa. Apewe kifungu kidogo cha bajeti kinachoruhusiwa kuvuka Juni 30, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akubali mapema kwamba kazi iliyosimamishwa kwa mujibu wa masharti yake ihesabiwe kuwa imekamilika, fedha zilizobakia zirudi bila ya adhabu ya ukomo. Baraza la Wawakilishi nalo, linapojadili bajeti, liombe orodha ya yaliyosimamishwa na sababu zake, pamoja na ile ya yaliyotekelezwa. Wizara itakayoleta orodha tupu miaka mitatu mfululizo iulizwe zaidi, maana ama ina bahati isiyo ya kawaida ama haipimi.

Na kabla nyumba ya kwanza haijachangia shilingi, uandikwe ukurasa mmoja, ubandikwe kwa kila sheha anayehusika: swali ni hili, shehia zilizochaguliwa ni hizi na zinazosubiri zitaanza tarehe hii, tutahesabu nyumba zinazoendelea kuchangia baada ya miezi kumi na miwili na zilizotibiwa kwa mchango huo, tukikuta ni chini ya kiwango hiki tunaacha njia hii, na anayeamua kuacha ni ofisa huyu, jina lake hili hapa. Ukurasa huo ukiwahi kubandikwa Wete kabla ya msimu ujao wa karafuu kuanza, utepe na ngoma vinaweza kusubiri hadi hesabu zisomwe.